Jiwe la Marumaru na Jaji Hall wa Kanada

Katika mkutano wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani uliofanyika hapa shuleni, katibu alisoma barua ya kuomba michango. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa hakimu kwa miaka mingi na baada ya kustaafu akaingia katika halmashauri ya hospitali, amefariki dunia. Wenzetu wataka liwekwe jiwe la marumaru mbele ya ukumbi, lenye jina lake, miaka yake na cheo chake. Gharama ikatajwa, watu wakapiga makofi. Mimi nilinyosha mkono nikaanza kusema kwamba jambo hili halijanikaa vizuri moyoni, lakini chai ilikuwa imekwisha kuletwa, na mwenyekiti akaniomba nifupishe. Nilifupisha hata hakuna aliyenielewa. Wengine walidhani nampinga marehemu. Mhariri amenipa nafasi ya kumaliza maneno yangu katika kurasa hizi za Kiswahili, nami namshukuru.

Kwanza niseme wazi kwamba marehemu nilimheshimu sana. Mimi ni karani wa mahakama, na yeye ndiye aliyenifundisha kuandika mwenendo wa kesi bila kuongeza wala kupunguza. Tena sina ugomvi na marumaru. Hofu yangu ni kwamba tukishaliweka hilo jiwe tutajiona tumemaliza, na yale aliyoyafanya yatafunikwa chini yake. Nataka kuieleza hofu hiyo kwa habari za mtu mwingine, jaji wa nchi ya mbali, ambaye kama marehemu wetu alifanya kazi ya sheria na kazi ya kuwatafutia wagonjwa haki yao. Nimezisoma habari zake mara nyingi, na kila nikizisoma namkumbuka bwana wetu huyu.

Jina lake ni Emmett Hall. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1898 huko Saint-Colomban, katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Mwaka 1910 wazazi wake walihamia Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, ambalo ni nchi ya mbuga za ngano na baridi kali isiyo na mfano kwetu. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha jimbo hilo, darasa moja na John Diefenbaker ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada. Katika mwaka 1935, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, watu wengi wasio na kazi walipanda magari-moshi ya mizigo ili waende Ottawa kueleza shida zao. Serikali iliwazuia mjini Regina, na tarehe 1 Julai kukatokea ghasia na watu wakakamatwa. Hall alikuwa miongoni mwa mawakili waliowatetea. Mwaka 1957 alifanywa jaji, mwaka 1961 akawa Jaji Mkuu wa jimbo la Saskatchewan, na mwaka 1962 akapandishwa hadi Mahakama ya Juu ya Kanada.

Kama habari zingeishia hapo, zingetosha sana kuandikwa juu ya jiwe. Lakini sikiliza yaliyofuata.

Zamani katika Kanada mtu aliyeugua alilipa mwenyewe, na asiyekuwa na fedha aliuza ng'ombe wake au shamba, au akabaki nyumbani akingoja lililoandikwa. Jimbo la Saskatchewan lilikuwa la kwanza kuuvunja mtindo huo. Serikali ya Tommy Douglas ilianzisha bima ya hospitali kwa watu wote wa jimbo mwaka 1947, na tarehe 1 Julai 1962 jimbo hilo hilo likaanzisha bima ya kulipia madaktari pia. Siku hiyo hiyo madaktari wengi walifunga milango yao. Mgomo ulidumu siku 23, na wananchi wakagawanyika vibaya. Basi haifai kusema kwamba Hall ndiye aliyeyaanza yote. Wakanada wenyewe humwita Douglas baba wa bima yao, na kwa haki.

Hata hivyo Saskatchewan ni jimbo moja tu. Swali lilikuwa kama nchi nzima itafuata. Chama cha madaktari cha Kanada, kilipoona mawingu yanakusanyika, kiliiomba Serikali iunde Tume ya Kifalme kulichunguza jambo hili, kikitumaini kwamba Tume itaupoza moto. Mwaka 1961 Diefenbaker akaiunda, akamweka mwenyekiti wake rafiki yake wa darasani, Jaji Hall. Wapinzani wa bima waliona wamepata mtu wao: mtu wa makamo, jaji, mfuasi wa chama cha Conservative cha Waziri Mkuu mwenyewe. Nani angemdhania mtu kama huyo kuwa mleta mageuzi?

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasome polepole. Madaktari na makampuni ya bima walileta shauri lililoonekana la busara. Walisema: Serikali iwasaidie maskini tu, na wenye uwezo wajinunulie bima zao. Mtu akilisikia mara ya kwanza hulikubali. Hata mimi nililikubali. Tume ilizunguka nchi ikasikiliza kila upande, kama mahakama inavyosikiliza mashahidi, kisha Hall akauliza lile swali ambalo jaji amezoea kuuliza: maskini atathibitishwaje? Ingebidi sehemu kubwa sana ya wananchi wasimame mbele ya afisa kueleza mishahara yao, madeni yao na idadi ya watoto wao, ili wapewe cheti cha ufukara. Hall alilikataa jambo hilo. Mwaka 1964 Tume ilitoa taarifa yake ya kwanza, ikiwa na mapendekezo 200, na shina lake likawa hili: matibabu yawe ya wote kwa masharti yale yale, tajiri na maskini, mjini na shamba. Waliomwita kwa matumaini ya kuupoza moto waliukuta umekolea.

Serikali nyingine, ya chama kingine, chini ya Lester Pearson, ndiyo iliyoipitisha sheria ya matibabu mwaka 1966, na ilipofika 1972 majimbo yote yalikuwa yameingia. Chama kimoja kilimtuma mtu, chama kingine kikatimiza alilosema. Sisi ambao huku kwetu tumezoea kuona kila serikali ikiung'oa mche uliopandwa na iliyotangulia, tulitazame hilo kwa makini.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sheria ilikuwapo, majimbo yote yamo, Hall mwenyewe amestaafu tangu 1973, nishani ya Order of Canada daraja ya juu amepewa 1974. Mtu mwingine angekaa barazani akaota jua. Lakini katika miaka ile ya sabini ada zilianza kuingia tena kwa mlango wa nyuma. Daktari hulipwa na bima, kisha humwambia mgonjwa aongeze kidogo juu yake. Ni kidogo tu, wala sheria haijafutwa, ila mgonjwa asiye na hicho kidogo hurudi nyumbani kama zamani. Mwaka 1979 Waziri wa Afya alimwomba Hall arudi alichunguze jambo hilo. Mzee alikuwa na miaka 80. Alikubali, akafunga safari tena nchi nzima, na mwaka 1980 akaandika kwamba ada hizi za ziada zikiachwa zitaleta matibabu ya namna mbili, ya wenye nacho na ya wasio nacho. Wala hakuwaonea madaktari: alisema ada hizo zikomeshwe, lakini madaktari walipwe inavyostahili, na pasipopatikana mapatano juu ya malipo, shauri liamuliwe na wasuluhishi ambao uamuzi wao utazifunga pande zote mbili. Hiyo ndiyo akili ya jaji. Sheria ya Afya ya Kanada ikapitishwa mwaka 1984, Waziri wake akiwa mama mmoja hodari, Monique Bégin, na wabunge wote waliiunga mkono. Kanuni yake ni rahisi: kila dola ambayo jimbo litaacha itozwe wagonjwa kwa namna hiyo, Serikali ya Ottawa itakata dola hiyo katika fedha inazolipa jimbo hilo.

Nimeukazia mkono mlango huo wa nyuma kwa sababu naujua. Hapa Uganda Serikali iliondoa ada katika vituo vyake vya afya mwezi wa Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, na watu wakafurika vituoni. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu katika hospitali moja ya serikali, ambayo sitaitaja. Hakuna aliyemdai ada. Muuguzi, tena mwenye adabu, alimpa karatasi ndogo: glovu jozi mbili, pamba, sindano, na daftari la kuandikia maelezo ya ugonjwa. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikumlaumu yule muuguzi, maana kabati lake nililiona kwa macho yangu, limefunguliwa na ni tupu. Nilivuka barabara nikanunua. Niliporudi, mwanamke aliyekuwa mbele yetu katika foleni alikuwa ameondoka na mtoto wake mgongoni. Karatasi yake ilibaki juu ya benchi.

Jioni ile nilipita kwa marehemu wetu nikamweleza. Hakusema neno. Aliingia ndani akaleta daftari la jalada gumu, kama yale tunayotumia masjala, akanionyesha. Kurasa baada ya kurasa alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake wa kusimama wima, vitu ambavyo wagonjwa waliambiwa wakanunue: tarehe, wodi, kitu gani, bei gani dukani. Majina ya wagonjwa hakuyaandika. Kila alipohudhuria mkutano wa halmashauri alikwenda nalo, akalisoma mbele ya wenzake, akaomba lijibiwe kwa maandishi. Nakala za barua zake zilikuwa zimebandikwa nyuma. Majibu yalikuwa machache. Lakini mara mbili kabati lilijazwa, na mara zote mbili tarehe zimo.

Ndugu zangu, jiwe litasema nini juu ya daftari lile?

Nirudi kwa Hall, maana kuna upande wake mwingine ambao marumaru huuficha zaidi. Mwaka 1959, katika jimbo la Ontario, kijana wa miaka 14 aitwaye Steven Truscott alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la kumwua msichana aliyesoma naye. Adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 1966 kilitoka kitabu kilichowatia watu mashaka juu ya kesi hiyo, hata Serikali ikaipeleka mbele ya Mahakama ya Juu. Majaji walikuwa tisa. Katika mwaka 1967 wanane walisema hukumu isiguswe. Hall peke yake alikataa. Alisema kesi haikuendeshwa kama sheria itakavyo, na kwamba kila mshitakiwa, awe ana hatia au hana, ana haki ya kuhukumiwa kwa kesi iliyo sawa. Basi kijana yule ahukumiwe upya. Fikiri ilivyo kukaa katika chumba kimoja na wenzako wanane, watu wenye elimu kama yako, wote wamesema ndiyo, nawe ukaandika la, ukijua kwamba kijana atarudishwa gerezani hata hivyo.

Truscott aliachiliwa kwa masharti mwaka 1969. Tarehe 28 Agosti 2007 Mahakama ya Rufani ya Ontario ilimfutia hatia yake. Hall hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 12 Novemba 1995, akiwa karibu kutimiza miaka 97.

Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1973, katika shauri la watu wa kabila la Nisga'a waliodai ardhi ya babu zao katika jimbo la British Columbia. Hall aliandika kwa niaba ya majaji watatu waliosema haki yao bado ipo. Watatu wengine walisema imekwisha, na wa saba akalitupa shauri kwa sababu ya utaratibu tu, hata Wanisga'a wakashindwa. Lakini mwaka ule ule Serikali ya Kanada ilibadili msimamo wake ikakubali kufanya mazungumzo juu ya madai ya namna hiyo, na mkataba wa Wanisga'a ukaanza kutumika mwaka 2000. Tunapomsifu hakimu aliyekufa, sisi huhesabu kesi alizozishinda na vyeo alivyopewa. Katika kazi ya Hall mahakamani, maandishi yaliyoishi kuliko mengine ni yale aliyoyaandika siku alizoshindwa kwa kura. Yaliishi kwa sababu yalitunzwa, na kwa sababu watu waliyasoma wakayatumia.

(Wanafunzi wa kidato cha pili watafurahi kujua kwamba Hall pia alikuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa kamati ya elimu ya Ontario ambayo mwaka 1968 ilipendekeza viboko viondolewe shuleni. Hilo nalitaja tu. Wasilipeleke kwa mwalimu wa zamu.)

Wala kazi yake haikukamilika. Taarifa ile ya 1964 ilitaka pia dawa ziwemo katika bima. Sheria ya 1966 iliziacha nje. Miaka 60 ilipita ndipo Bunge la Kanada likapitisha sheria ya dawa, Oktoba 2024, nayo ikaanza na dawa za kisukari na za kupanga uzazi. Kama Wakanada wangeridhika na nishani na jina la Hall katika majengo, ukurasa ule wa dawa ungeliwa na mchwa. Kulikuwa na watu walioendelea kuufungua na kuuliza: hili mlilisema, liko wapi?

Mzee mmoja wa chama chetu, ninayemstahi kama baba, aliniambia baada ya chai: "Mwanangu, vijana hawatasoma daftari. Jiwe wataliona kila siku." Nililifikiri neno lake kwa muda mrefu, maana yeye amefundisha vijana kuliko mimi. Lakini hapa shuleni mna jiwe jingine, karibu na mlango wa maktaba, nalo nililipita kila siku kwa miaka minne. Siku ya mkutano nilikwenda kulisoma kwa mara ya kwanza. Nusu ya jina imefutika kwa mvua.

Basi shauri langu ni hili. Mjane wa marehemu anazo karatasi zake zote, na amesema yu tayari kuzitoa. Fedha za jiwe zitoshe kwanza kunakili daftari lile na barua zake, kuzijalidi vizuri na kuziweka maktaba, nakala moja ipelekwe kwa halmashauri ya hospitali. Kisha daftari liendelee. Tunao katika chama chetu mawakili, matabibu, wauguzi, na makarani kama mimi. Mmoja wetu na aende hospitali Jumamosi moja kila mwezi, na vijana wawili wa kidato cha tano wakitaka wamfuate, waandike kama alivyoandika yeye: tarehe, wodi, kitu, bei, jina la mgonjwa lisiandikwe. Muuguzi asitishwe wala asitukanwe, maana naye hununua glovu zake wakati mwingine. Kikao kikifika, lisomwe. Na fedha zikibaki, jiwe liwekwe, dogo, juu yake iandikwe kwamba daftari limo maktaba na rafu yake ni ipi.

Najua wako watakaosema kwamba karani anajitafutia kazi. Hesabu ya kunakili nimeipeleka kwa katibu, imeandikwa bei za maduka matatu ya mjini. Mchango wangu wa shilingi 50,000 nimekwisha mpa mweka hazina, nikamwomba auzuie mpaka mkutano wa Desemba, ambapo nitanyosha mkono tena, safari hii kabla ya chai.